Tende na kamba yake: uchambuzi wa kisa kimoja cha filamu ya watoto

Kisa hiki kilitokea katika filamu fupi ambayo mimi nilikuwa msimamizi wake wa uzalishaji. Nimeondoa majina ya watu, ya kijiji na ya filamu yenyewe. Jina moja tu nimeliacha kama lilivyokuwa, nalo ni la mbuzi. Ninawaandikia wenzangu wanaotengeneza filamu za watoto na wanyama kwa fedha kidogo, kwa sababu kosa tulilolifanya ni rahisi sana kulifanya, na aliyelilipia alikuwa mtoto wa miaka kumi.

Usuli

Filamu ilipangwa iwe ya dakika 24. Inamhusu msichana anayelelewa na bibi yake baada ya mama kwenda mjini kutafuta kazi. Shuleni hasemi kitu, mwalimu akimwita anasimama kimya mpaka aambiwe akae. Lakini kwa mwanambuzi wa jirani anasema kila kitu. Mbuzi anapotea, msichana analazimika kupaza sauti mbele za watu kumtafuta, na mwishoni wanakutana kisimani.

Tulikuwa watu tisa, tukafanyia kazi katika kijiji kimoja cha pwani ya kaskazini ya Tanzania. Msichana tuliyemchagua hakuwahi kuigiza. Naye pia alikuwa analelewa na bibi yake, na hilo tulilifurahia mno bila kujiuliza maswali ya kutosha.

Upande wa vibali hatukuzembea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 138 wa mwaka 1973, katika ibara ya 8, unaacha nafasi ya vibali maalumu kwa watoto wanaoshiriki sanaa za maonyesho, kwa sharti kwamba kibali kitaje saa na mazingira ya kazi. Kwa hiyo tulikwenda kwa afisa ustawi wa jamii na skripti mkononi, tukakaa na bibi na mwalimu mkuu, tukaandika saa za kazi, chakula, mapumziko, na nani atakuwa na mtoto muda wote. Karatasi ilikuwa na kurasa nne. Sasa nikiisoma naona kwamba kila mstari wake unahusu siku za shutingi. Hakuna unaohusu siku inayofuata.

Mbuzi alikuwa wa mzee jirani, dume mchanga wa wiki tano, mwekundu wa kahawia kama tende iliyoiva. Msichana ndiye aliyempa hilo jina, Tende. Tulimkodi kwa shilingi 5,000 kwa kila siku ya shutingi. Pembeni tulinunua wanambuzi wawili wa rangi hiyo hiyo kutoka kundi jingine, wawe mbadala. Mnyama mchanga hasubiri ratiba ya kamera. Mbuzi wetu wa asili huzaliwa na kilo mbili hivi, na akinyonya vizuri, katika mwezi mmoja anaongeza kilo moja na nusu au zaidi. Kwa macho ya mtazamaji huyo ni mbuzi mwingine. Nguruwe mdogo wa filamu moja ya Australia ya mwaka 1995 alichezwa na nguruwe 48 kwa sababu hiyo hiyo.

Wiki nne za mwanzo

Uamuzi tunaojivunia ni huu: hatukumfundisha mtoto kujifanya anampenda mbuzi. Tulimpa muda.

Kwa wiki nne kabla ya kamera, kila alasiri baada ya shule, msichana alikwenda kwenye banda la mzee na majani ya mlusina yaliyofungwa kwenye pindo la kanga. Siku za kwanza Tende alijificha nyuma ya mama yake. Wiki ya pili alikula mkononi. Wiki ya tatu alimfuata msichana mpaka kisimani bila kamba, na kila msichana aliposimama naye alisimama, akainua kichwa kumtazama usoni. Mwaka 2016 watafiti wa Queen Mary University of London walionyesha kwamba mbuzi akishindwa kufungua chombo chenye chakula humgeukia mtu na kumkazia macho, kama mbwa afanyavyo. Sisi hatukuhitaji kuambiwa. Mpiga picha alikuwa anakwenda bandani jioni bila kamera, anakaa kwenye ndoo na kutazama tu, na sini tatu bora za filamu zimetokana na mambo aliyoyaona pale.

Bwana mifugo aliwakagua mbuzi wote, akawapa dawa ya minyoo, na akatuzuia kuchanganya wale wawili wa kununua na kundi la mzee kabla ya kuridhika kwamba hawana dalili za sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa mbuzi na kondoo. Yeye ndiye aliyetuambia pia kwamba mama wa Tende lazima awe karibu kila siku ya kazi. Mwanambuzi akitengwa hulia mfululizo, na mrekodi sauti hapati kitu. Tukamfunga mama nyuma ya ukuta wa makuti, hatua kumi na tano kutoka kwenye kamera. Kazi na mbuzi ikawekewa dakika 15, kisha kivuli, maji na kunyonya.

Kilichotokea

Shutingi ilikuwa ya siku 12, likizo ya Desemba. Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha, zikatula siku tano. Tuliondoka na siku saba tu, tukiwa tumebakiza sini mbili za kisimani na ile ya mwisho ya kukutana. Tukakubaliana kurudi wiki ya pili ya Januari, Jumamosi na Jumapili. Mzee alilipwa siku saba, shilingi 35,000. Tulimwambia tutarudi. Hatukumwambia asimuuze Tende, na wala hatukumuuliza kama ana mpango wa kumuuza.

Ijumaa tuliyofika tulikuta kamba ya Tende imetundikwa kwenye nguzo ya banda. Jumatatu ya wiki hiyo mzee alikuwa amempeleka mnadani yeye na mama yake. Shule zilikuwa zinafunguliwa, wajukuu wawili wanahitaji sare, viatu na madaftari. Mbuzi hao wawili, mama na mwanawe, aliwauza kwa shilingi 150,000. Alitueleza bila wasiwasi wowote, na hakuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Mbuzi walikuwa wake.

Tulimpigia simu dalali. Alisema mbuzi wa siku ile walipakiwa kwenye Fuso pamoja na wengine zaidi ya thelathini, wakashushwa sehemu tatu tofauti mjini. Mmoja wetu alipanda pikipiki akaenda kuuliza njiani. Alirudi usiku mikono mitupu.

Msichana alikuwa amekwenda kwa shangazi yake tangu Krismasi. Angerudi usiku ule ule. Hakujua.

Uamuzi wa usiku, na sababu zake

Tulikaa barazani tukiwa watano. Njia tulizoziona ni tatu: tumwambie ukweli na kuhatarisha sini zilizobaki, tuahirishe na kurudi mjini, au tumlete mmoja wa wale mbadala na kusema ndiye Tende.

Tulichagua ya tatu, nami nilikubali. Nataka niseme sababu zetu kwa uaminifu, maana kwa wakati ule zilionekana za huruma. Tulisema mtoto ataumia bure. Tulisema mbadala anafanana naye, na wiki tatu zimepita, kwa hiyo tofauti yoyote ataiona kuwa ni ukuaji. Tulisema filamu ikiisha atasahau, watoto husahau. Fedha ya kurudi mara ya tatu haikuwepo pia, na nadhani sababu hiyo ndiyo iliyozibeba nyingine zote, ingawa usiku ule hakuna aliyeitaja kwanza.

Asubuhi msichana alikuja mbio na majani yake kwenye kanga. Mbuzi alikula, maana mbuzi yeyote hula mlusina. Msichana alimwangalia akila. Kisha akapiga goti, akalishika sikio la kushoto kwa vidole viwili, akalikunjua. Tende alikuwa na mkato mdogo kwenye ukingo wa sikio hilo, alioupata kwenye waya wa uzio wiki ya pili. Sisi wote tulikuwa tumeusahau.

"Dada, huyu si Tende."

Mwongozaji akawahi: "Ndiye mwanangu, amekua."

"Sikio halikui likaziba."

Hakulia. Aliyarudisha majani yaliyobaki kwenye pindo la kanga, jani moja moja, akalifunga, akaenda nyumbani.

Baada ya hapo

Tulisimamisha kazi. Mimi na mwongozaji tulikwenda kwa bibi. Tulimwamkia, akaitikia, akatuacha tumesimama kwa muda kabla ya kutuonyesha mkeka. Alipotusikiliza mpaka mwisho alisema maneno ambayo nimeyaandika kwenye daftari langu la kazi na sijayafuta: "Kuuzwa angeelewa, wanangu. Mbuzi huuzwa hapa kila mwezi. Huo uongo ndio sijui nimweleze vipi."

Bibi mwenyewe ndiye aliyepanga kilichofuata. Alimwita mzee. Mbele yetu sote, mzee alimweleza msichana alichofanya na kwa nini. Sisi tukamweleza kwamba tulijua tangu jana na tulimdanganya, tukaomba radhi, bila kumwekea neno "lakini" mwishoni. Msichana aliuliza maswali mawili.

"Aliuzwa na mama yake?"

"Na mama yake," mzee akajibu.

"Alilia?"

"Hapana, mjukuu wangu. Alipanda garini nyuma ya mama yake."

Hatukumuuliza kama yuko tayari kuendelea. Huu ndio uamuzi wa kwanza mzuri tuliofanya tangu Ijumaa. Tulimkabidhi bibi posho yote ya mtoto iliyoandikwa kwenye makubaliano, pamoja na ya siku ambazo hazijafanywa, tukasema filamu inaweza kuishia hapo na hatuna la kudai. Tukarudi mjini.

Baada ya wiki mbili bibi alipiga simu. Mtoto amesema atarudi, ila hatakutana na mbuzi mwingine akaigiza kwamba ni Tende. Mwandishi wetu aliandika upya mwisho wa filamu. Katika mwisho mpya msichana anafika kisimani, anaita mara tatu kwa sauti ambayo shule nzima ingeisikia, na hakuna anayekuja. Skripti ilisema ashike mti. Yeye akasema atashika kamba, akaenda mwenyewe bandani kwa mzee akaiomba. Tulimaliza kwa siku moja.

Matokeo

Filamu ina dakika 19. Ina mruko mmoja katikati ambao mtazamaji makini atauona, mahali ambapo sini mbili za kisimani zilipaswa kuwepo. Wale mbadala wawili tuliwagawa kwa makubaliano ya maandishi: mmoja kwa bibi, kwa ombi lake, mwingine kwa familia ya mtoto aliyeigiza kama rafiki wa shuleni. Msichana alikaa miezi kadhaa bila kumpa yule mbuzi wa bibi jina.

Mwezi Juni tuliionyesha filamu kwenye uwanja wa shule yao, kwa shuka jeupe na jenereta. Msichana alikaa mbele na wenzake. Kila mbuzi alipotokea kwenye shuka aliwatangazia kwa sauti: "Huyo ndiye. Huyo siye. Huyo ndiye." Hakukosea hata mara moja. Mhariri, aliyekuwa amezitazama picha hizo kwa miezi minne, alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshapoteza hesabu.

Uchambuzi: urafiki ulikuwa wa kweli

Wiki nne zile zilifanya kazi kuliko tulivyotarajia, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Mtu akimfundisha mtoto kujifanya anampenda mnyama, kazi ikiisha mtoto anakwenda zake. Sisi tuliutengeneza urafiki wenyewe, kwa makusudi, kwa ratiba, tukiwa tumeuandikia fedha kwenye bajeti. Kisha tukauchukulia kama kifaa cha kukodi, kinachorudishwa mwisho wa mwezi pamoja na taa.

Sisemi njia hiyo iachwe. Filamu moja ya Ufaransa na Afrika Kusini iliyotoka mwaka 2018, inayomhusu msichana na simba mweupe, ilipigwa kwa miaka mitatu ili watoto waigizaji na simba wakue pamoja, na mtu anayeitazama anaona mara moja kwamba hakuna ujanja pale. Njia ni nzuri. Ila anayeifuata amejifunga na mwisho wake pia, na mwisho huo lazima uwe umepangwa kabla ya alasiri ya kwanza ya majani ya mlusina.

Watazamaji watoto wanalijua hili bila kufundishwa. Nimeonyesha filamu za aina hii katika shule kadhaa, na swali la kwanza ni lile lile: yule mnyama sasa yuko wapi? Swali hilo liliwahi kuhamisha nyangumi. Keiko, nyangumi muuaji aliyeigiza katika *Free Willy* ya mwaka 1993, filamu ya mvulana anayemfungulia nyangumi arudi baharini, yeye mwenyewe alikuwa anaishi kwenye bwawa dogo la bustani ya burudani mjini Mexico City, na ngozi yake inaumwa. Watu walipojua, watoto wakiwa mstari wa mbele, barua na michango zilimiminika. Mwaka 1996 alihamishiwa Oregon, Marekani, na 1998 akapelekwa Iceland. Mwaka 2002 aliogelea hadi Norway, na kule, badala ya kuwatafuta nyangumi wenzake, alizifuata boti na watu, akaacha watoto wapande mgongoni. Alifariki Desemba 2003. Ninaisimulia habari hii kwa sababu inaonyesha upande tunaousahau: mnyama naye hubaki na kile tulichomzoesha. Sijui Tende, aliyezoea kumfuata mtoto bila kamba, alimfuata nani aliposhushwa kwenye lile Fuso.

Uchambuzi: mkataba na hesabu

Kosa la msingi lilikuwa kukodi. Tazama hesabu. Siku 12 kwa shilingi 5,000 ni shilingi 60,000, na hiyo ndiyo bei ambayo mzee, nilipomuuliza baadaye, alisema angetuuzia Tende mwezi Novemba. Tulitenga bei kamili ya mbuzi kwenye bajeti halafu hatukumnunua. Tuliona kukodi ni rahisi zaidi kwa sababu hatukutaka kubaki na mbuzi.

Mzee hakuvunja ahadi yoyote. Karatasi yetu ilisema mbuzi "atarudishwa kwa mwenyewe akiwa mzima," nasi tuliuandika mstari huo kumlinda mzee. Mfugaji mdogo hufuga mbuzi ili Januari ikifika awe na pa kukimbilia. Kila mtu kijijini anajua hivyo, na watu wetu wawili wamezaliwa vijijini. Hatukuuliza kwa sababu kichwani mwetu Tende alishakuwa mwigizaji.

Uchambuzi: ule uongo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoumia.

Tulidhani jambo zito lisiloweza kubebwa na mtoto ni kuuzwa kwa mbuzi. Hiyo ilikuwa fikra ya watu wa mjini. Msichana amekua akiona mbuzi wanazaliwa, wanauzwa, wanachinjwa kwa akika na kwa harusi. Maswali yake mawili kwa mzee ni ya mtu anayejua biashara hiyo: hakuuliza kwa nini aliuzwa, aliuliza kama alikwenda na mama yake. Alikuwa na uwezo wa kuyabeba hayo. Ambacho hakuwahi kukutana nacho ni watu wazima watano wakimwambia kwamba anachokiona kwa macho yake sicho.

Na hao watu wazima ndio waliomfundisha kumtazama mbuzi kwa makini. Kwa wiki nne tulimwambia: mwangalie, msikilize, mjue. Akamjua mpaka mkato wa sikio. Kisha tukamtaka asijue.

Kilichookoa hali si sisi, ni bibi. Alihakikisha ukweli unasemwa na mwenye mbuzi mwenyewe, hadharani, na kwamba sisi tunakiri sehemu yetu mbele ya mtoto bila kupitisha ujumbe kwa mtu mwingine. Kumlipa kabla ya kujua kama atarudi nako kulisaidia: simu ya bibi ilipokuja tulijua haikuletwa na deni.

Kuhusu mwisho mpya, wapo wenzangu wanaosema filamu imekuwa bora kwa sababu ya yaliyotokea. Sipendi kauli hiyo. Mwisho wa zamani ulikuwa mzuri, mtoto alikuwa anausubiri, na alistahili kuucheza.

Tunavyofanya sasa

Mnyama mkuu tunamnunua kabla ya siku ya kwanza ya mazoea, na tunaandika ataishi wapi na kwa nani kamera zikizimwa, nani atamlipia dawa, na kama mtoto anaruhusiwa kumtembelea. Ikiwa mwenye mnyama hataki kuuza, makubaliano yanataja tarehe ambayo hataruhusiwa kuuza wala kuchinja kabla yake, nasi tunamlipa fidia ya kusubiri. Mtoto anasomewa sehemu hiyo kwa maneno anayoyaelewa, hata kama habari yenyewe ni kwamba mnyama atauzwa. Wanyama mbadala anaonyeshwa tangu mwanzo, kila mmoja na jina lake.

Mwezi uliopita nilimsomea masharti hayo mama mmoja mwenye punda tunayemhitaji kwa kazi mpya. Alisikiliza, akauliza kama kweli hataruhusiwa kumuuza punda wake mwenyewe kwa miezi sita. Nikamwambia ndiyo, na kwamba tutamlipa kwa hilo. Akafikiri, akapandisha bei. Tumelipa.